Nililirudisha Jani la Isale Wakati wa Majilio

Nimekosa, na kosa lenyewe nililifanya Biblia ikiwa mkononi. Nalisema mapema ili msije mkanihurumia kabla ya wakati.

Jina langu sitoi. Watu wa mbali hawanijui, na watu wa Machame watanitambua kabla hawajafika katikati, kwa hiyo jina lingekuwa kupoteza wino. Inatosha mjue kwamba mimi ni mwalimu wa sekondari pale Moshi mjini, nimesoma chuo kikuu, na huwa naandika makala fupi magazetini kuhusu maisha ya mkulima. Jembe sijalishika tangu nikiwa mtoto.

Na nilikuwa, Mungu anisamehe, mzee wa kanisa.

Uzee huo niliupata kwa njia ya ajabu kidogo. Chuoni Dar es Salaam, miaka ile, Mungu hakuwa na watetezi wengi. Tulijadili mapinduzi mpaka sauti zikakauka, na likizo moja nikarudi nyumbani nikamweleza mama kwamba dini inatokana na mahusiano ya uzalishaji mali. Mama akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilipoanza kazi Moshi nikagundua jambo ambalo hawakutufundisha kule: huku mlimani, mtu asiyekwenda kanisani Jumapili hana wa kusalimiana naye mpaka Jumatatu. Nikaanza kwenda. Wakaona nina sauti ya besi, wakanitia kwenye kwaya, na kwaya haimdadisi mtu wa besi habari za imani yake. Baada ya miaka michache nikachaguliwa mzee wa kanisa. Nilikuwa na suti mbili, na nilisoma Neno bila kukwama. Hakuna aliyeuliza kama naamini ninachokisoma. Mimi pia sikujiuliza.

Sasa sikiliza.

Mwaka ninaousimulia ni ule ambao kipande cha sabuni kilikuwa habari ya kijiji kizima. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha, na pamoja navyo vikaisha sukari, mafuta ya taa na viberiti. Watu walichoka. Mchungaji wetu aliliona hilo akaniita ofisini kwake.

"Mwalimu," akasema, "watu wanakuja kanisani kama wanavyokwenda kwenye foleni ya duka. Wanasimama, wanasubiri, wanaondoka mikono mitupu. Majilio yanakaribia. Nataka kila mtaa uwe na ibada za jioni majumbani, wiki zote nne mpaka Krismasi. Tuifanye upya imani yetu. Mtaa wenu utauongoza wewe."

"Mimi, Mchungaji?" nikasema, kwa unyenyekevu niliokuwa nimeuandaa tangu niliposikia naitwa.

"Wewe. Shule zimefungwa, na watu wanakuheshimu."

Alisema kweli. Walikuwa wananiheshimu. Mtaona heshima inavyoweza kumla mtu.

Kwa desturi yetu Walutheri, Majilio yana shada la matawi ya msaipresi lenye mishumaa minne, na kila Jumapili unawashwa mmoja zaidi. Mwaka ule mtaa mzima tulipata mshumaa mmoja. Tukaukata vipande vinne. Mke wangu alivitazama vile vipande juu ya meza akasema, "Bwana akichelewa hata kidogo atatukuta gizani." Nikamwambia asifanye mzaha na mambo matakatifu. Nilikuwa nimeshaanza kuongea hivyo.

Lakini kabla sijaendelea lazima nimtaje ndugu yangu.

Nimwite Elia, maana jina lake halisi si langu kulitoa. Ni kitinda mimba wa nyumba yetu. Kwetu kitinda mimba ndiye anayerithi nyumba ya wazazi na kukaa na mama, na mzaliwa wa kwanza, ambaye ni mimi, hukatiwa kihamba chake, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa. Kihamba changu kilipakana na chake. Kwa kuwa siku za kazi nilikaa mjini, kahawa yangu aliitunza yeye. Aliipalilia, akaipulizia dawa, akaivuna. Mimi niliiandikia makala.

Kahawa ile marehemu baba aliipanda mwaka niliobatizwa. Nilipenda sana kulitaja jambo hilo, hasa mbele ya wageni.

Basi msimu mmoja dawa ya chulebuni ikaadimika. Chulebuni ni ugonjwa unaozifanya buni zioze zikiwa bado mtini. Jumamosi moja niliporudi kutoka mjini nikakuta mistari mizima ya kahawa yangu imekatwa, na mahali pake pamepandwa maharage na nyanya. Nikaenda kwa Elia bila hata kubadili nguo za safari. Alikuwa uani na watoto wake, wanapukuchua maharage.

"Nani amekata kahawa ya baba?"

"Mimi, kaka. Ilikuwa imekufa imesimama. Dawa hakuna tangu mwaka jana."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza wapi? Gazetini?"

Mtoto wake mkubwa akainamisha uso ili nisimwone anacheka. Nilimwona.

"Kukata kahawa ni kosa kisheria," nikasema. "Unajua watu wa namna yako wanaitwaje siku hizi? Wahujumu uchumi."

Elia akavitazama viatu vyangu, akavitazama taratibu, kimoja baada ya kingine. "Na wa namna yako wanaitwaje? Hiyo kahawa wewe uliipalilia kwa kalamu?"

Nikamwambia kuanzia siku ile asinihesabu kuwa ndugu yake. Nilimwambia mbele ya watoto wake na mbele ya mama aliyekuwa ameketi mlangoni.

Misimu ikapita. Tulikuwa tunapishana kwenye mfereji wa maji kama ng'ombe wawili wasiojuana. Nikitaka kumsalimu mama nilingoja Elia aende sokoni. Mama akaniambia, "Mtu anayekuja mwenye nyumba akitoka, kwa Kiswahili chenu cha shule anaitwaje?" Mama hakuwa anataka jibu. Alitaka wanawe.

Huyo ndiye mtu aliyepewa kazi ya kuwafundisha wengine namna ya kumpokea Bwana.

Wiki ya kwanza ya Majilio niliongoza vizuri. Nilikuwa na vitabu, nilikuwa na hoja, niliwaeleza watu kwamba kungoja si kukaa bure. Nyakati zile za foleni, kila mtu alikuwa fundi wa kungoja kuliko mimi, lakini walinisikiliza. Tatizo lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa kwenye Sala ya Bwana. Tukifika pale kwenye kusamehe waliotukosea, nilikuwa nafunga mdomo na kuguna kwa besi. Ukiwa na besi nzuri, watu hudhani umezama katika sala.

Halafu likatokea jambo ambalo sikulitarajia. Jioni moja mjane mmoja jirani, mwanamke asiyesema sana, aliombwa afunge kwa sala. Akasema: Bwana, mwaka huu hatuna kitu cha kukupokelea, nyumba hazina hata taa, lakini wewe njoo hivyo hivyo. Hakusema hata amina, tulimsemea sisi.

Sijui kilichonipata. Nilikuwa nimekaa pale nikipanga maneno ya kesho, na yote yakanipotea. Niliporudi nyumbani katikati ya migomba nikajikuta naongea na Mungu, kwa maneno ya kawaida, kama mtu anavyoongea na jirani aliyeachana naye vibaya. Nilikuwa sijafanya hivyo tangu ujana. Nikamwambia kwamba nimekuwa nikimtumia kama koti la Jumapili. Nikamwambia nataka kumtumaini tena, ila sijui pa kuanzia. Nikamwomba anionyeshe jambo moja dogo tu, nijue kwamba amesikia.

Nawaapia, yale yalikuwa maombi ya kweli. Sikuwa na mtazamaji hata mmoja. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Keshokutwa yake, mchana, akaja shangazi.

Shangazi ni dada yake baba, mwembamba, mwenye sauti kama filimbi, na hajakosa kanisa tangu nimjue. Mkononi alikuwa na jani la isale lililofungwa fundo.

Wale msiokaa huku mwelewe. Isale ni mmea wa majani marefu, ndio tunaoupanda mipakani. Mtu akikukosea, huchuma jani lake, akalifunga fundo, akamtuma mtu mzima akuletee. Jani hilo likifika kwako, maneno yamekwisha. Hukatai. Watu wamesameheana kwa jani hilo mambo mazito kuliko kahawa, mambo ya damu. Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, na sijawahi kusikia mtu aliyelirudisha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mama watoto, nipe maji. Huu mlima siku hizi umeongezwa." Akakaa, akanywa, akaliweka jani juu ya meza pembeni mwa Biblia yangu. "Elia amenituma. Anasema alikosa, hakukuuliza. Mama yenu anataka Krismasi hii mchinje mbuzi pamoja, kama zamani. Pokea, nikapumzike."

Mke wangu alikuwa ameshaanza kutabasamu. Nami, wasomaji, nilikuwa nimeshainua mkono. Naukumbuka ulivyokuwa hewani. Kisha nikaushusha.

"Shangazi," nikasema, "sisi ni Wakristo."

"Eeh?"

"Tena tuko Majilio. Mambo ya majani ni ya mababu. Toba ya kweli hutamkwa kwa kinywa."

"Kwani hili limekuja kwa miguu yake? Si nimekutamkia sasa hivi?"

"Namaanisha aje mwenyewe. Alhamisi ibada iko hapa kwangu. Aje aungame mbele ya watu, na mimi nitamsamehe mbele ya watu. Hivyo ndivyo imani inavyofanywa upya."

Shangazi akamgeukia mke wangu. "Huyu amekula nini mchana?"

"Ndizi," mke wangu akasema. "Kama sisi."

"Mwanangu," shangazi akaniambia, na sasa sauti ilikuwa imeshuka, "mimi nilibatizwa baba yako akiwa hajaota ndevu. Mchungaji aliyenibatiza alilijua jani hili, na watu walikuwa wakipatana kwa jani Jumamosi wakaja mezani kwa Bwana Jumapili. Sasa wewe unataka ndugu yako, au unataka watazamaji?"

Lilikuwa swali zuri. Nikalijibu kwa neno la Kigiriki. Naam. Kuna neno la Kigiriki lenye maana ya toba, nililisoma mahali, nikamweleza mzizi wake.

Shangazi akasubiri nimalize. "Hilo nalo nimpelekee Elia?"

Akasimama, akalichukua jani. Mke wangu akamsihi alifunike kwa kanga. Akakataa. Akashuka nalo njia kuu ya kijiji mchana kweupe, amelishika mbele yake kama mshumaa, bibi kizee anarudi na jani la isale, na watu wakatoka migombani kumtazama. Wengine walidhani analipeleka kwa mtu. Walipoona anaelekea kwa Elia, wakaelewa.

"Umemfanya arudi nalo," mke wangu akasema. Hakuongeza neno. Jioni sikuona chai. Ilikuwa chai isiyo na sukari, lakini siku hiyo niliikumbuka.

Na mimi nilijionaje? Nilijiona shujaa wa imani. Nilikuwa nimemwomba Mungu anionyeshe jambo moja dogo. Alinitumia jambo lenyewe likaja mpaka mezani kwangu, nami nikalikataa kwa sababu halikuwa la Kilutheri vya kutosha. Hilo nililiona baadaye. Wakati ule nilikuwa naandaa mafundisho ya Alhamisi.

Alhamisi nyumba ilijaa. Walikuja hata wale ambao kanisani huonekana kwenye ubatizo na maziko tu. Wengine walisimama barazani. Nikamnong'oneza mke wangu, "Unaona? Watu wana kiu." Akanijibu, "Wana kiu, ndiyo," akaenda kukaa jikoni.

Elia alikuja. Alivaa koti lake moja, lile la harusi. Mkewe alikuwa nyuma yake, na mama alikuwa katikati yao, kashika fimbo. Mama hakuwa amekanyaga nyumba yangu tangu ugomvi. Akaketi kwenye benchi la mbele, akatoa leso akaiweka magotini, tayari.

Tuliimba, tukasoma, nikatangaza kwamba kuna ndugu ana neno. Elia akasimama.

"Nilikata kahawa ya kaka yangu bila kumuuliza," akasema. "Nilikosa. Watoto walihitaji kula, lakini hiyo si sababu, naisema tu mjue. Kaka ametaka niseme mbele yenu. Nimesema."

Hapo, msomaji, ilinibidi nifanye kitu kimoja tu. Hatua chache kuvuka chumba. Mama alikuwa ameshainua leso. Mjane yule alikuwa ameshafungua kinywa kuanzisha wimbo. Hata mtoto wa Elia, yule mwenye kicheko, alikuwa ananitazama kama mtu anayenitakia mema.

Lakini nilikuwa nimeandaa mafundisho.

Nikayatoa. Nilizungumza juu ya toba, nikazungumza juu ya mtu anayekata kile ambacho baba amekipanda, na jinsi sisi sote tunavyoikata neema kwa tamaa ya maharage ya leo. Nilipofika kwenye maharage nilijipongeza moyoni. Nikamtumia Elia kama mfano mara kadhaa, nikimwonyesha kwa mkono, jinsi mwalimu anavyoonyesha ubaoni. Watu walikuwa wanatazama sakafu. Nilidhani wameguswa. Mtu mmoja barazani akakohoa, mwingine akakohoa, na mimi nikapandisha sauti.

Nilipomaliza nikageuka kwa Elia, nikaona bado amesimama.

Muda wote ule alikuwa amesimama. Sikumwambia akae, na yeye, kwa kuwa alikuja kutubu, hakukaa. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa, kama uso wa mtu anayesubiri mvua ipite ili aendelee na safari.

"Kwa hiyo, ndugu Elia," nikasema, "mbele ya Mungu na mbele ya watu, nimekusamehe."

"Asante, Mwalimu," akasema. Akakaa.

Nililisikia neno hilo. Elia hajawahi kuniita Mwalimu. Aliniita kaka tangu alipojua kusema, na siku ya ugomvi alinitukana akiniita kaka. Nikadhani ni adabu ya ibada. Mama aliikunja leso akairudisha kifuani, ikiwa kavu.

Jumapili iliyofuata Mchungaji alinishika mkono mlangoni mwa kanisa. "Nimesikia mtaa wenu kumekuwa na uamsho," akasema. Nikainamisha kichwa kama mtu asiyestahili sifa. Ni kweli sikustahili, lakini sikuwa nimelijua hilo bado.

Krismasi tukachinja mbuzi pamoja, uani kwa mama, kama alivyotaka. Kila kitu kilikwenda kwa utaratibu. Kidari, nyama inayomstahili mkubwa wa nyumba, Elia aliniletea kwenye sahani, kwa mikono miwili, ameinama kidogo. "Karibu, Mwalimu." Kisha akarudi kwa shemeji na binamu, akaendelea kucheka nao. Nikawasogelea. Kicheko kikakaa sawa, wakanipisha nafasi, wakaniuliza habari za mjini.

"Elia," nikamwambia pembeni, "mimi niite kaka."

"Haya, Mwalimu."

Hakusema kwa kejeli. Laiti angesema kwa kejeli. Mama alituangalia tukila, mkubwa huku na mdogo huku, nyama nzuri, pombe ya mbege ya kutosha, akasema polepole, "Mnakaa kama wagonjwa wanaongojea daktari mmoja." Watu wakacheka. Mama hakucheka.

Tangu hapo Elia hajanikosea kitu. Akitaka kupunguza mgomba wake ulioinamia kwangu, anakuja kuomba ruhusa. Mvua zilipoanza alipanda miche mipya ya kahawa kwenye ile mistari aliyoikata, imenyooka utadhani imepigwa rula, na akaniita niikague. Watoto wake wakiniona wanasimama wote na kuniamkia kwa pamoja. Yule mkubwa hanicheki tena. Niliwahi kujaribu kumchekesha. Akasema, "Ndiyo, Mwalimu."

Majilio yaliyofuata niliamka nikaenda mpakani, nikachuma jani la isale mwenyewe, nikalifunga fundo. Lilinishinda mara ya kwanza. Vidole vya chaki havijui mafundo. Nikalipeleka kwa shangazi.

"Nimpelekee nani?" akauliza.

"Elia. Nimemkosea."

"Mna ugomvi?"

"Hatuna."

"Basi jani la nini? Jani huenda kwenye ugomvi, mwanangu. Ninyi mlipatana. Mimi nilikuwepo, nilikaa karibu na mlango." Akanitazama kwa huruma, na huruma yake ilikuwa nzito kuliko matusi. "Uliongea vizuri sana siku ile."

Nikaenda mwenyewe, bila jani. Nilimkuta Elia anasafisha migomba. Aliponiona aliweka panga chini, akafuta mikono kwenye suruali, akaingia ndani akanitolea kiti. Yeye akabaki amesimama. Nikamwomba akae. Akakaa juu ya kisiki.

"Nimekuja kukuomba msamaha, Elia."

"Wa nini tena, Mwalimu? Mimi na wewe hatuna neno. Yalikwisha."

"Hayakwisha. Shangazi alikuja na jani lako nikamrudisha nalo. Nilikusimamisha mbele ya watoto wako, nikakufanya somo."

Akafikiri. Alikuwa anafikiri kweli, hakuwa anaigiza. "Kosa lilikuwa langu," akasema. "Ulitaka niseme mbele ya watu, nikasema, ukasamehe. Na mimi kama kuna kitu ulinikosea, nimesamehe. Sina kinyongo, Mungu anajua. Utatumia chai?"

"Nitukane, basi," nikamwambia. "Niulize tena kama kahawa niliipalilia kwa kalamu."

Elia akacheka kidogo, kwa adabu. "Mtu hawezi kumtukana mwalimu," akasema, akamwita mkewe alete chai.

Nikainywa. Ilikuwa na sukari. Sijui waliipata wapi wakati ule, na nina hakika ndiyo iliyokuwa imebaki.

Mama alifariki baada ya mvua za masika. Kwenye msiba Elia alinitanguliza katika kila jambo: nani achimbe, nani aseme, jeneza lipite wapi. Yeye ndiye aliyemwosha mama miaka yote ile, akamlisha, akamshika mkono usiku, na bado alikuja kuniuliza mimi. Waombolezaji walisema ni nadra kuona ndugu wanaosikilizana namna ile. Mmoja alisema tungepaswa kuwa mfano katika usharika. Nilitaka kupiga kelele, lakini mzee wa kanisa hapigi kelele msibani.

Uzee niliuacha. Nilikwenda kwa Mchungaji nikamwambia sistahili, nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa makini. Jumapili akawatangazia washarika kwamba nimejiuzulu kwa unyenyekevu wa pekee. Heshima yangu ikapanda. Hivyo ndivyo nilivyoadhibiwa.

Mtaniuliza, na ile imani iliyofanywa upya? Ipo. Hilo ndilo gumu kulisema. Ningebaki mpagani wa chuo kikuu, haya yangekuwa mambo ya ukoo tu, ningeyaandikia makala nikalala. Lakini jioni ile ya mjane Mungu alinirudia kweli, na hakuondoka. Alikaa akaniona nikimrudisha shangazi. Alikaa barazani siku ya mafundisho, nadhani pamoja na wale waliokohoa. Siku hizi Sala ya Bwana naisema yote, maneno yote, polepole, na pale kwenye kusamehe ndipo sauti inaponikatika. Namtumaini kwamba amenisamehe. Tatizo langu ni kwamba Elia naye amenisamehe, na sijui cha kufanya na msamaha wa mtu ambaye hanihitaji tena.

Basi wewe unayesoma, kama Majilio haya kuna mtu anakuja kwako na kitu mkononi, jani, kuku, ndizi, au neno alilolisema vibaya kwa sababu hajui kulisema vizuri, lipokee kwanza. Usimfundishe. Usilikague kama ni la Kikristo, Mungu ana macho yake. Zaidi ya yote, usimwambie arudi siku nyingine akiwa amejiandaa vizuri zaidi. Anaweza kurudi kama ulivyomwagiza, akasema kila neno ulilotaka, akakaa kila mahali ulipomwonyesha, na ukabaki na mtu mwema sana mwenye sura ya ndugu yako.

Mimi wangu yuko hapo jirani. Ananiheshimu. Ninamjua vizuri, na sioni dalili yoyote kwamba atanikosea tena.